Msimu Mmoja wa Mwalimu Zahran

Alirudi mwaka wa sabini na tatu
mahali ambapo hakuwahi kufika.
Kazaliwa Tabora, nyuma ya duka la chumvi;
Nizwa aliijua kwa masimulizi ya babu tu.
Chuo kikampa hesabu za mwaka wa pili,
chumba chenye feni isiyozunguka,
na sisi: vijana kumi na wanne,
watatu tu wenye viatu.

Mshahara wake wa kwanza ulikwenda Matrah,
ukarudi ndani ya gunia, umekuwa viatu.

Uwanja ulikuwa wadi, mto usio na maji.
Nyasi? Ulizia kwingine.
Wiki nzima tuliokota mawe kabla ya kugusa mpira,
naye akiokota nasi, kanzu kaifunga kiunoni,
akisema, "Beki wa kwanza ni fagio."
Mistari aliichora kwa majivu ya jiko la halwa.
Milingoti ilikuwa magogo ya mtende,
na mwamba wa juu kamba,
kwa hiyo kila shuti la juu likawa kesi.

Alifundisha kwa Kiswahili, maana wengi wetu
tulitoka Unguja, Pemba, Bujumbura,
na Kiarabu chetu kilikuwa cha kuombea maji.
"Panua! Mwachie! Tia ndani!"
Bahla wakatutazama kama watu waliopandwa na pepo.
Tatu bila.
Manah, mbili moja.
Tukapita sokoni mabega juu,
hata muuza ndimu kavu akatupunguzia bei.

Halafu wakaja Ibra.
Dakika ya kumi mwalimu akapaza, "Mhamishie kushoto!"
na beki wao, pande la mtu, akamjibu bila kugeuka:
"Tumeshasikia, ami. Hata sisi tumekula mihogo."
Uwanja mzima ukacheka. Mwalimu naye akacheka,
kisha akawaza,
na kipindi cha pili akageukia Kinyamwezi.
Hapo hatukumwelewa hata sisi.
Nne moja.

Hesabu kamili, kwa wapendao hesabu:
mechi tisa. Tatu tulishinda, nne tulifungwa, sare moja,
na moja iliondoka na maji.

Hiyo ilikuwa na Sumail, nasi tunaongoza.
Mawingu yalikuwa mbali, juu ya Jabal Akhdhar;
kwetu jua linachoma utosi.
Yeye ndiye aliyesikia. Filimbi moja, ndefu.
"Juu! Wote juu! Uacheni mpira!"
Tukaparamia ukingo.
Maji yakaja ya kahawia, yananguruma kama msafara wa malori,
yakang'oa goli la kwanza, yakalipeleka kwa la pili,
yakachukua yote mawili.
Hamdun akalia: viatu vyake alivivua ili akimbie vizuri,
na vilikuwa kule chini.
Mwalimu alihesabu vichwa, vya kwao na vya kwetu,
ishirini na wawili na refa,
akahesabu tena, akahesabu tena,
na mara ya nne akahesabu kwa kugusa.

Mwaka uliofuata wakaleta kocha mwenye cheti.
Mwalimu Zahran akapelekwa kupima maji ya mifalaji,
kazi aliyoifanya miaka ishirini na sita
bila kupuliza filimbi.
Kombe hakuna.
Picha ipo moja, na humo kafumba macho.

Juzi, kwenye hitima yake huko Birkat al-Mauz,
binti yake Rayya akaniwekea daftari mapajani.
Nilitarajia mishale, mbinu, siri za Bahla.
Zilikuwa saizi za miguu.

Sleyum, 43. Vidole vinabanwa, hasemi.
Hamdun, 40. Vimekwenda na maji. Nimnunulie.

Na mimi, kwa wino uliofifia:
Khalef, 41. Anakimbia akitazama chini.
Aambiwe, si leo, baada ya mechi,
kwamba mawe tumeshayaokota.